Mnara wa Njano

Kigelegele cha Shangazi Mektilda kilipopaa mpaka kwenye bati, ndipo nilipojua kwamba nimeposwa.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya sebule yetu, kanga imenishuka mpaka kwenye nyusi, macho yangu yako kwenye mkeka. Sikuwa nimesema neno. Sikuwa nimetikisa hata kichwa. Nilikuwa nimenyamaza kwa hasira, ile ya mtu anayeubana mdomo kwa sababu akiufungua atatukana mbele ya baba yake. Nao wakacheka, wakapeana mikono, na mama kule jikoni akamjibu shangazi kwa kigelegele kirefu kuliko chake.

Kwetu msichana anayeposwa hajibu kwa mdomo. Huitwa, akapiga magoti, shangazi yake akamuuliza mara tatu kama anawajua wageni. Asiyetaka huinuka akatoka. Anayetaka hunyamaza. Anayejibu "ndiyo" kwa sauti, huyo ataitwa kiherehere mpaka azeeke. Haya nayajua tangu utoto. Nilisimama mlangoni na sinia la karanga dada zangu wote wawili walipoulizwa.

Lakini kwa majuma kadhaa nilikuwa nimemnyamazia Dionis. Akipiga simu, sipokei. Akija kibarazani kwangu, nashona kana kwamba aliyesimama pale ni nguzo. Kimya ndicho kilichokuwa fimbo yangu, na nilimpiga nayo kila siku. Jumapili ile, wazee wake walipokuja baada ya Misa, niliingia nayo sebuleni. Nikasahau kabisa kwamba mle ndani fimbo hiyo hupokewa kama zawadi.

Mzee Masolwa, mjomba wake Dionis, ndiye aliyekuwa mshenga. Alikuwa ameianza kazi yake kwa madaha, kofia mkononi.

"Sisi ni wapagazi, Mzee Vedasto," alimwambia baba. "Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na wakarudi. Sisi mzigo wetu ni kijana mmoja tu. Lakini ni mzito, jamani! Anakula huyo! Tumeona moshi wa mji huu, tukasema hapa ndipo pa kutua."

"Wapo wapagazi wanaotua mzigo kwa watu, kisha wakatoroka," baba alijibu, naye anazuia kicheko.

"Ukiukagua ukaukuta umeoza, tuite tuje kuubeba wenyewe."

Wakacheka. Shangazi akaniinamia, pumzi yake inanukia tangawizi. "Kabula, mwanangu. Wageni hawa unawajua?" Kimya. "Kabula, wageni hawa wanakujua?" Kimya. "Kabula, tuwape maji ya kunywa, au tuwaonyeshe njia?" Nikawa nauona mnara mmoja wa Igalula, naiona na sura ya mama aliyesimama dirishani mwake. Kimya.

Kisha kile kigelegele.

Niliinuka kwa kuchelewa. Mtu angeniona angesema ni haya za mwali. Nikapita jikoni, mama akanikumbatia na mikono yake yenye unga, akaninong'oneza, "Nenda nyuma ukapumue, mama. Nitakuita ulete maji ya kunawa." Hakuuangalia uso wangu. Alikuwa na jogoo ndani ya sufuria na wageni sebuleni.

Sasa niieleze hasira yangu, maana nikiiacha hivi hivi mtasema huyu binti ana wazimu, kapata mume mwenye kazi analalamika.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, nikajifunza kushona, nikapata kibaraza Kanyenye, Tabora mjini, mbele ya duka la vitambaa. Mwaka juzi Sista mmoja mgeni, mzee, aliyekuwa akishonesha kwangu, alikuja kuniaga kwamba anarudi kwao moja kwa moja. Akanipa postikadi. Haikuwa picha ya kamera. Ilikuwa imechorwa, na mchoraji hakuwa na uchoyo wa rangi. Anga ya zambarau. Kilima cha kijani kama mpunga wa Februari. Kuta za njano, mapaa mekundu yaliyochongoka kama penseli, daraja dogo juu ya maji, na mnara mmoja mrefu kuliko mingine, wenye dirisha juu kabisa. Sista alisema ni ngome ya zamani sana, ya enzi za watu waliopanda farasi na kuvaa nguo za chuma. Maandishi ya nyuma yalikuwa ya lugha yao, sikuyajua wala sikuyajali. Niliibandika ukutani juu ya cherehani.

Dionis alikuja na suruali iliyopasuka goti. Fundi ujenzi, saruji mpaka kwenye kope. Nilikuwa nashona huku yeye amekaa kwenye benchi na taulo kiunoni, watu wanapita wanamcheka, yeye hana habari. Alikuwa anaitazama kadi.

"Hii nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Wee! Na mapaa yote hayo, umeezeka mwenyewe?"

"Namtafuta fundi."

"Ameshapatikana. Ila leo hana suruali."

Nilicheka nikajichoma sindano. Tangu siku hiyo kila jioni alipita. Tuliigawa ngome ile chumba kwa chumba. Yeye alichukua chini, pa kuweka vifaa vyake. Mimi nilichukua dirisha la mnara, hilo tu.

"La nini dirisha la juu huko? Utapanda ngazi kila siku?"

"Mwanamke akikaa pale anashona, atamwona kila anayekuja kabla hajapiga hodi," nilimwambia. "Atajua mapema avae uso gani."

"Na mimi nikija?"

"Ukija wewe sitavaa uso wowote. Nitakupokea na huu huu."

Alinitazama. Akaniuliza taratibu kama naweza kumwazima kadi aitazame vizuri. Nikaibandua mwenyewe, nikampa. Juma lile akaenda Igalula kutafuta kazi, akakaa huko mpaka mvua zikaisha.

Mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile nilipeleka sare za kwaya Igalula. Treni ilipoanza kupunguza mwendo, abiria wa upande wangu wakatoa vichwa madirishani, wanaonyeshana, wanapiga picha kwa simu. "Tazama hiyo! Ulaya Igalula!" Na mimi nikatoa kichwa.

Ilikuwa pale. Kuta za njano. Bati jekundu. Daraja dogo la zege juu ya mtaro wa maji ya mvua. Na mnara mmoja mwembamba, wenye dirisha juu kabisa, na dirishani kuna mwanamke.

Niliacha sare kwa mwalimu wa kwaya, nikaenda kwa miguu mpaka pale. Mwenye nyumba alinikuta nimesimama kwenye daraja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, usiogope, kila anayepita husimama hapo hapo." Alikuwa Bi Hafsa, mjane, mnunuzi wa mpunga, mtu wa Tabora mjini aliyehamia Igalula kwa ajili ya biashara. Mama mwenye uso mwema, hina mikononi. Alinipa maji baridi, kisha akanipandisha ngazi mpaka juu kwenye mnara. Pale dirishani kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kofia ya kufuma iliyoachwa nusu.

"Hapa ndipo pangu," alisema, akakipangusa kiti ili nikae. "Mwanzo nilimwambia fundi, mnara wa nini, hasara hiyo! Akanijibu neno, mwanangu, nikanyamaza. Alisema mwanamke akikaa hapa anafuma, anamwona kila anayekuja kabla hajapiga hodi, anajua mapema avae uso gani." Akacheka, akakishika kifua chake. "Tangu marehemu afariki sijasikia mwanamume akisema jambo kama lile. Kijana yule anawajua wanawake."

Nilimaliza maji. Nikasema, "Ni pazuri sana, mama. Hongera." Nikashuka zile ngazi nimeshika ukuta.

Hiyo ndiyo hasira niliyokuwa nayo sebuleni.

Dionis alikuwa nyuma ya jiko, karibu na rundo la kuni. Muoaji haruhusiwi kuingia wazee wanapozungumza, lakini yeye ndiye aliyembeba mjomba wake kwa pikipiki, basi akajibanza pale. Alikuwa amevaa shati jeupe nililomshonea mimi. Aliponiona alitabasamu kwa uso mzima, na naapa, moyo wangu ulitangulia kumkimbilia kabla sijaupa ruhusa. Hicho ndicho kilichonipandisha zaidi.

"Nimekisikia!" alisema. "Kabu, nilikuwa nimekaa juu ya kuni hizi, nimeanguka!"

"Ungevunjika mguu."

Akacheka, akadhani ni mzaha. "Simu hupokei, kibarazani hunitazami, kumbe ulikuwa unanipima. Nyie wanawake, jamani. Nimekonda, tazama mkanda huu."

"Sikukubali, Dionis."

"Umekubali. Umenyamaza mara tatu. Mjomba ametoka sasa hivi kuniambia."

"Nilinyamaza kwa hasira."

"Hasira ya nini tena?"

"Nilikwenda Igalula."

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni, macho yalikuwa yameshakimbia.

"Nimepanda mpaka juu," nikasema. "Nimekaa kwenye dirisha langu. Mwenye nyumba alinikaribisha."

"Kabu, sikiliza. Kama ni Bi Hafsa, haki ya Mungu, hakuna kitu. Ni mtu mzima, ananiita mwanangu."

"Najua hakuna kitu. Afadhali kingekuwepo! Ningemjua mwanamke mwenzangu, ningemtukana, ningelia, yakaisha. Wewe umempa nini yule mama?"

"Nyumba. Nimemjengea nyumba. Ndiyo kazi yangu."

"Umempa maneno yangu."

Aliangalia pembeni. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa shati, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka dawa. "Kadi yako hii hapa. Niliitunza. Sijaipoteza."

Niliipokea. Alikuwa ameipiga mistari ya kalamu juu mpaka chini na upande mpaka upande, miraba mitupu, ndivyo mafundi wanavyoikuza picha wapate vipimo vya ukuta. Anga yote ya zambarau ilikuwa imeandikwa namba. Mstari mmoja ulikuwa umelikata dirisha langu katikati, na juu ya kilima kulikuwa na alama ya dole gumba ya saruji, imekauka.

"Ulimwambia ni ya nani?"

"Nini?"

"Kadi. Na lile neno. Ulimwambia vimetoka kwa nani?"

"Hakuuliza."

"Dionis."

"Nilimwambia nimewaza mwenyewe. Basi? Fundi ataenda kwa tajiri aseme hili nimeambiwa na mshona nguo?"

Alipolitoa tu neno hilo, alilijutia. Niliona. Mimi kwa kutazama watu hunishindi, nimekaa kibarazani miaka, najua mkono unavyokwenda shingoni mtu akijuta. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Rudia," nikasema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Mshona nguo ndiye huyu. Shati ulilovaa kakushonea nani?"

"Kabu, sasa ulitaka nifanye nini?" Sauti yake ikapanda, na yeye akawa amekasirika. "Siku niliyokuja kujitambulisha, baba yako alitaja ng'ombe hata salamu sijamaliza! Mtu wa mwiko na timazi ng'ombe nitawatoa wapi? Bi Hafsa alikuwa anataka nyumba ambayo treni ikipita abiria watatoa vichwa. Mafundi wenye majina walikuja na ramani zao, akawafukuza wote. Mimi nilikuwa na kadi mfukoni. Nikamwonyesha. Akauliza mnara wa nini, nikajibu, lilitoka tu mdomoni! Kwa neno lile nikapata kazi. Kwa kazi ile baba yako anapata ng'ombe wake, na mimi nakupata wewe. Niambie, kosa liko wapi?"

"Kwa hiyo uliuza nyumba yangu ili uninunue mimi."

"Usiseme kununua."

"Nikishanunuliwa utaniweka wapi?"

"Tutajenga! Nitakujengea nyingine, kubwa kuliko ile."

"Yenye mnara?"

"Yenye mnara!"

"Wa njano?"

Akaokota ukuni ulioanguka, akaurudisha kwenye rundo.

"Watu watasemaje?" nikamuuliza. "Watasema mke wa fundi kaiona nyumba ya Bi Hafsa, akaitamani. Mimi, Dionis! Mimi ndiye nitakayekuwa nimeiga!"

"Kabu, ni maneno tu."

Ndani walikuwa wanacheka tena. Nilimsikia Shangazi Mektilda akisema atavaa kitenge cha rangi gani siku ya harusi.

"Kwako ni maneno tu," nikasema. "Sikiliza nikwambie. Mimi kila ninachoshona huvaliwa na mtu mwingine. Nimezoea, ndiyo kazi yangu, silalamiki. Lile neno ndilo kitu pekee nilichojishonea mwenyewe. Nikakuvisha wewe. Wewe ukaenda kulivua njiani ukamvisha mtu."

Alinyoosha mkono kunishika. Nikarudi nyuma.

"Ungekuja tu kibarazani," nikasema. "Ungesema, Kabu, kuna kazi, mama mmoja kaipenda ndoto yetu, tumuuzie? Ningelia kidogo. Kisha ningekwambia muuzie."

"Kweli?"

"Kweli! Ungeenda na baraka zangu. Ningekuja mwenyewe kumshonea mapazia. Kwa nini hukuniuliza?"

Upepo ulitupuliza moshi wa jiko usoni, na wote wawili hatukusogea. Nilimtazama yale macho yake, mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine, nikafikiri, akisema neno moja la kweli sasa, nitalainika. Neno moja tu.

Akapumua kwa nguvu. "Haya, nimekosa. Lakini yameshapita, Kabu. Wazee wameshakubaliana humo ndani, kigelegele kimepigwa, majirani wamesikia. Hizo hasira utakuja kunikasirikia vizuri ukiwa kwangu."

Nafikiri alitaka kunichekesha. Nafikiri hivyo mpaka leo. Lakini nilipolisikia lile "ukiwa kwangu", nikaona hakuuliza kuhusu kadi, na sasa haulizi kuhusu mimi. Nilimrudishia ile kadi mfukoni mwake. Mkono wangu ulikaa juu ya kifua chake muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika, nikausikia moyo wake unapiga kama wangu.

"Kaa nayo," nikasema. "Hiyo ni ramani ya kazi."

"Unakwenda wapi? Kabu! We, Kabu!"

Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mama alikuwa anapakua. "Bado sijakuita, mwanangu," akasema, kisha akauona uso wangu, na upawa ukabaki hewani. Nikampita.

Sebuleni Mzee Masolwa alikuwa amekwisha kuvua viatu, amejiegemeza kwenye kochi kama mtu aliye kwake. Baba alikuwa anamweleza habari za karanga. Shangazi alinyanyuka nusu.

"Kabula, hujaitwa."

"Najua, Shangazi." Nikapiga magoti pale pale nilipopiga mwanzo. Nikaiondoa kanga usoni. "Baba, naomba kusema."

"Mwali hasemi!" Shangazi alishika kifua.

"Mliniuliza mara tatu, nikanyamaza. Kile kimya hakikuwa ndiyo. Nilikuwa nimekasirika nikashindwa kuinuka. Kosa hilo ni langu, naomba mnisamehe. Lakini sikukubali."

Mzee Masolwa aliutoa mgongo wake kwenye kochi.

"Kigelegele kikishatoka hakirudishwi!" Shangazi Mektilda alipiga kelele. "Wamenisikia mpaka seminari! Kesho nitapita njia gani mimi? Nitawaambia watu nilikuwa nasafisha koo?"

Baba hakupaza sauti. Baba akikasirika sauti yake hushuka. "Amekupiga?"

"Hapana, Baba."

"Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Mlevi? Mwizi?"

Hapo nilisita. "Kuna neno nililomwambia mimi na yeye tu, Baba. Akalipeleka kwa mtu akalifanyia biashara. Akasema ni lake."

"Neno!" Baba aliwageukia wageni kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Ananivunjia heshima yangu kwa ajili ya neno!"

"Baba, na posa si neno? Mzee Masolwa hakuja na kitu kingine leo. Amekuja na neno, mkampa kochi."

"Usinijibu!"

Mzee Masolwa alikuwa anavaa viatu. Alijaribu kufunga kamba, zikamshinda, akaziacha. "Mzee Vedasto, mimi nimeshapeleka posa nyingi. Nimekataliwa, sawa, ndiyo kazi ya mshenga. Lakini kupewa kisha kunyang'anywa, hilo ni geni. Muulize tena binti yako. Safari hii ajibu kwa mdomo wake, niende nikaseme nililosikia. Sitaki tena kudhani."

"Haijawahi kutokea!" Shangazi akasema.

"Wala hili halijawahi. Muulize."

Kivuli kikaziba mlango. Dionis. Alikuwa ameingia pale asiporuhusiwa, buti zake juu ya mkeka wa mama.

"Mjomba, ngoja. Mimi ndiye niliye..."

"Wewe huna mdomo hapa!" Mzee Masolwa alimfokea. "Mdomo wako leo ni mimi! Nyamaza!"

Akanyamaza. Alinitazama kutoka pale mlangoni, na wote sebuleni wakawa kama hawapo. Nilimwona yule wa taulo kiunoni. Nilimwona akiingia kila jioni na vumbi lake, akisema, leo tumalize chumba kipi? Kama kuna mtu anadhani nilikuwa nimeacha kumpenda, hajawahi kumkasirikia mtu anayempenda.

Baba akauliza, kila neno limemkwama. "Kabula. Wageni hawa tuwape maji, au tuwaonyeshe njia?"

"Muwaonyeshe njia, Baba."

Mama, kule mlangoni mwa jikoni, alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Shangazi alikaa chini kama gunia. Baba akainuka, hakunitazama, akaingia chumbani na kujifungia. Ndiyo kusema ni mimi niliyebaki kuwatoa wageni.

Nje, Mzee Masolwa alikataa kupanda pikipiki. "Nitatembea! Unanivisha kofia nije nionekane mjinga! Umemfanya nini mtoto wa watu? Nitatembea mpaka Tabora!" Akaondoka na kamba zake za viatu zinaburuta vumbini, anazungumza peke yake Kinyamwezi, na sikuthubutu kumkimbilia kumfungia.

Dionis alikuwa ameshika usukani wa pikipiki, hajaiwasha.

"Nitaubomoa," alisema. "Huo mnara. Kesho naenda na nyundo, nauangusha wote."

"Usithubutu! Yule mama kakukosea nini? Nyumba ni yake, kaipata kwa jasho lake. Umenivunjia mimi, sasa umvunjie na yeye?"

"Basi niambie nifanye nini, Kabula. Niambie."

Aliliita jina langu zima. Ndipo nilipojua ameanza kuogopa.

"Nenda Igalula ukamwambie lile neno ni la nani. Mwambie mbele ya watu wake. Mwambie ni la mshona nguo."

"Atanicheka. Sitapata tena kazi upande ule."

"Huenda."

"Na nikishamwambia?"

"Sijui."

"Nitakukuta? Nikirudi?"

"Dionis, nimesema sijui, na safari hii usiende ukasema nimekwambia ndiyo. Ukirudi usije na mjomba. Usije kwa baba. Njoo kibarazani mchana kweupe, uniulize mimi, ungoje mpaka nijibu. Jibu likiwa hapana, uondoke nalo."

Aliitikia kwa kichwa. Akaiwasha pikipiki, akaenda polepole, akipita mbali na mjomba wake asimtimulie vumbi.

Nilisikia akifika barabara kuu. Akapunguza mwendo pale njia zinapogawana, moja ya kwake mjini, nyingine ya Igalula, na injini ikanguruma mahali pamoja kwa muda. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kutazama. Shingo yangu ilitaka kugeuka. Nikaingia ndani kumsaidia mama kupakua, na sikutazama alikokata kona.